Habadiliki: Maana na Matumizi ya Neno Hili katika Historia ya Usambara

1. Utangulizi

Ni maneno machache yatumikayo mimbarani kwa wepesi kama neno "habadiliki". Twasema kwamba Mungu habadiliki, Neno lake halibadiliki, Kanisa halibadiliki, wala desturi tulizoachiwa na wazee hazibadiliki. Mara nyingi twayataja haya yote kwa mfululizo mmoja, kana kwamba ni jambo moja. Msikilizaji aketiye nyuma hurudi nyumbani akiamini kwamba kuuliza swali juu ya desturi ni sawa na kumtilia Mungu shaka.

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maana ya neno hili na jinsi lilivyotumika katika historia, tukianzia katika milima ya Usambara. Mtu atokaye Lushoto kwenda Mtae kwa njia ya milimani hupita Rangwi, mahali palipo na nyumba ya watawa wa Kikatoliki, na mashamba yaliyopandishwa juu ya miteremko mikali. Si mbali na hapo ziko Mlalo na Lwandai, ambako mwaka 1947 yalianza mafunzo ya theolojia ya Kilutheri yaliyohamishiwa Makumira mwaka 1954. Kwa hiyo nchi hii si ngeni kwa wasomaji wetu. Mtu akisimama Rangwi na kuitazama milima, aweza kudhani kwamba hapa hakuna kilichobadilika tangu mwanzo. Historia yasema vingine, nayo yatufundisha kuuliza: nani asema kwamba jambo fulani halibadiliki, na asema hivyo kwa faida ya nani?

2. Ufalme uliojiita wa daima

Wasambaa husimulia kwamba Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, aliingia milimani akiwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaua simba, na wenyeji wakamfanya mtawala wao. Kutoka kwake ulitokea ukoo wa Wakilindi uliotawala kutoka Vuga. Habari hizo zilikusanywa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Kiswahili juu ya Wakilindi, ambacho sehemu zake zilianza kuchapwa katika matbaa ya misheni ya UMCA mwishoni mwa karne ya 19. Mwanahistoria Steven Feierman alizichunguza tena katika vitabu vyake vya mwaka 1974 na 1990.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni hili. Ufalme ambao baadaye uliitwa mila ya Usambara ulianza kwa ujio wa mgeni. Methali yetu yasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mbegha alikuwa mabadiliko kabla hajawa mila. Lakini kizazi kwa kizazi utawala wake ulielezwa kana kwamba uliwekwa pamoja na milima yenyewe. Mfalme alipokufa, kifo chake kilifichwa hata mrithi alipokwisha kuingia Vuga, ili watu wasione siku hata moja ambayo nchi haina mwenyewe. Wafalme walikufa, lakini ufalme haukuruhusiwa kuonekana umekufa.

Hatupaswi kuidharau maana ya desturi hiyo. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kupimia utawala: kuzifya shi, yaani kuitengeneza au kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mmoja mwenye nguvu zilizokubaliwa na wote aliaminiwa kwamba huleta mvua na shibe. Wenye nguvu wawili wakishindana, mvua hukatika na njaa huja. Kwa mkulima, kudumu kwa utawala lilikuwa jambo la chakula. Alitamani kitu kisichobadilika kwa sababu mvua yabadilika.

Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ufalme ulikuwa umeenea sana, na sifa zake zilifika pwani. Krapf alimtembelea mwaka 1848, na tena mwaka 1852, akitafuta mlango wa kuhubiri Injili. Burton na Speke walifika Vuga mwaka 1857. Baada ya kifo cha Kimweri, mjukuu wake Shekulwavu alitawala Vuga, lakini mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde tambarare kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na mali ya biashara. Kabla miaka ya 1860 haijaisha, Semboja alikuwa amemwondoa Shekulwavu. Hata hivyo hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe huko, naye akabaki Mazinde. Hivyo kiti cha Vuga kilibaki mahali pake na taratibu zake, hali nguvu zenyewe zilikwisha kushuka bondeni, kwenye biashara ya pembe na watumwa. Wakati huo ndipo watu wengi wa milimani walipouzwa.

Hapa twaona matumizi ya kwanza ya neno letu. Umbo lilihifadhiwa, na kiini kikageuzwa. Aliyetazama umbo alisema, "Hakuna kilichobadilika." Aliyechukuliwa utumwani alijua kwamba kila kitu kimebadilika.

3. Wamisionari na majina ya kudumu

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani Johanssen na Wohlrab walianza kazi Mlalo, chini ya chama kilichojulikana baadaye kama Misheni ya Betheli. Kituo walikiita Hohenfriedeberg. Mtae palifuata. Serikali ya Kijerumani nayo iliita Lushoto Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wake. Mwaka 1895 serikali hiyo ilimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na mwaka huohuo kituo cha misheni kilifunguliwa Vuga. Hilo yatupasa kulikumbuka bila kulificha: Injili na kamba ya mnyongaji zilifika katika mji huo katika mwaka mmoja, na watu wa Vuga hawakuwa na sababu ya kuvitenganisha kwa urahisi kama sisi tuvitenganishavyo leo.

Majina yale yalitolewa kwa nia ya kudumu. Mwaka 1916 Waingereza waliingia, na baada ya vita Wilhelmstal ikawa Lushoto tena. Hohenfriedeberg imebaki katika vitabu vya kumbukumbu, na watu husema Mlalo kama walivyosema kabla. Lakini kile ambacho wamisionari walikileta bila kukipa jina lao kilibaki: Neno lililohubiriwa kwa Kisambaa na mashule ya kusoma.

Katika kutafsiri, wamisionari na wasaidizi wao Wasambaa walihitaji neno la kumwita Bwana. Walichukua neno zumbe, cheo cha mtawala. Tuzingatie jambo lililotokea hapo. Neno lilikuwa lilelile, lakini Zumbe ahubiriwaye alikuwa amesulubiwa, wala hakuwauza watu wake. Mwaka 1963 vyeo vya utawala wa kimila vilikomeshwa na serikali ya Tanganyika huru. Mazumbe wakaondoka katika ofisi zao, lakini Msambaa aombaye kwa lugha ya mama yake humwita Kristo Zumbe hata leo. Cheo kilichodhaniwa kuwa cha milele kilipita, na neno lililoazimwa kwacho likabaki kwa ajili ya Mwingine.

Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa mwaka 1911, baadaye alitoa Agano Jipya la Kiswahili mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Walutheri wengi walilelewa katika maneno yake. Ilipotoka tafsiri ya Muungano mwaka 1952, maneno yakawa mengine tena. Aliyedhani kwamba Neno la Mungu ni sauti zile alizozizoea utotoni alipata taabu. Aliyejua kwamba Neno ni Kristo mwenyewe aliendelea kusikia.

4. Mila iliyoandikwa

Serikali ya Kiingereza ililitumia neno letu kwa njia nyingine. Chini ya Gavana Cameron, aliyefika mwaka 1925, ilianzishwa siasa ya kutawala kwa njia ya watawala wa kienyeji. Mfalme wa Usambara alirudishiwa cheo, na amri za serikali zikatolewa kwa kinywa chake kama mila. Kwa kuwa mila ilihesabiwa kuwa haibadiliki, ilikuwa vigumu kwa mwananchi kuipinga. Hapo zamani watu waliweza kusema kwamba mfalme fulani anaibana nchi, na mfalme alipaswa kusikia. Sasa mfalme alitegemea mshahara wa serikali zaidi ya kibali cha watu wake.

Jambo hili lilidhihirika katika habari ya matuta. Kuanzia mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, na baadaye katika sehemu nyingine za Usambara, wakulima waliamriwa kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Hatusemi kwamba wataalamu walizua. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, sehemu kubwa yake ikawaangukia wanawake, na wengi walihofu kwamba shamba lililotengenezwa kwa amri ya serikali litachukuliwa na serikali. Mazumbe walilazimika kuwashtaki watu wao wenyewe. Watu wakarudia kusema maneno ya kale: hao wanaiharibu nchi. TANU iliyoanzishwa mwaka 1954 ilipata wafuasi wengi kwa sababu hiyo, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mpango huo uliachwa.

Feierman aonyesha kwamba wakulima wale hawakuwa wakikariri tu maneno ya mababu. Waliyachukua maneno ya kuponya nchi na kuiharibu, wakayatumia kupima jambo ambalo mababu hawakuliona kamwe. Maneno yalidumu kwa sababu yaliruhusiwa kufanya kazi mpya. Kama yangefungwa katika maana yake ya mwaka 1850, yangekufa pamoja na Kimweri.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Mwaka 1963 serikali ilitangaza kwa maandishi sheria za kimila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, pamoja na kanuni za urithi zilizompunguzia mwanamke haki katika ardhi. Nia ilikuwa kuleta umoja wa sheria. Lakini mila isiyoandikwa huzungumzwa. Wazee huketi, husikia habari ya mjane huyu na shamba hili, na huenda wakalegeza. Mila ikiisha kuandikwa, haimwoni mjane. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, huko Mwanza, iliamua katika shauri la ardhi ya ukoo ya Wahaya kwamba mwanamke asizuiliwe kuuza ardhi aliyorithi kwa sababu tu ni mwanamke, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi huo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilithibitisha haki ya mwanamke kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo mchungaji yeyote aliyezika mwenye shamba milimani ajua kwamba, hata leo, kuna mahali mjane huambiwa kabla matanga hayajaisha, "Mwacha mila ni mtumwa." Methali ni njema. Lakini tumtazame nani aisema, na ni nani anayefukuzwa.

5. Ushuhuda wa Maandiko

Biblia yalijua neno "haibadiliki" katika vinywa viwili vilivyo mbali sana.

Kinywa cha kwanza ni cha sheria ya Wamedi na Waajemi, katika Danieli sura ya 6. Sheria ile haikuweza kutanguliwa. Mfalme Dario mwenyewe alitambua kwamba amenaswa, akajitaabisha hata jua lilipokuchwa ili amwokoe Danieli, akashindwa. Sheria isiyobadilika ilimtupa mwenye haki katika tundu la simba, na aliyeitunga akakosa usingizi. Hapa kutobadilika ni udhaifu uliovaa vazi la nguvu: mfalme hana uwezo wa kurehemu.

Kinywa cha pili ni cha Bwana katika Malaki 3:6. Mara nyingi twaitaja nusu ya kwanza ya aya hiyo na kuisahau ya pili. Nabii hasemi kwamba Mungu habadiliki, basi msiulize. Asema kwamba kwa sababu Mungu habadiliki, wana wa Yakobo hawakuangamizwa. Kutobadilika kwake ndiko rehema yake. Watu walivunja agano, Yeye hakulivunja.

Ndiyo maana Maandiko hayaoni haya kusema pia kwamba Mungu alighairi. Katika 1 Samweli 15 imeandikwa katika aya ya 11 na ya 35 kwamba alijuta, na katika aya ya 29 kwamba Yeye si mwanadamu hata ajute. Mwandishi hakusahau alichoandika. Katika Kutoka 32:14, Amosi 7:1-6 na Yona 3:10, Mungu aiacha hukumu aliyoitangaza. Na tuangalie ni upande gani aghairiapo: karibu kila mara ni kutoka adhabu kwenda rehema. Yona alikasirika kwa sababu alijua kwamba Mungu hatabadilika katika jambo hilo.

6. Kanisa na neno hili

Kanisa la kwanza lilipokea mafundisho haya katika ulimwengu wa Wayunani, ambao kwao mabadiliko yalikuwa alama ya upungufu. Aristotle alifundisha juu ya asili ya mwendo wote isiyosogezwa na kitu chochote. Filo wa Aleksandria aliandika kitabu kizima juu ya kutobadilika kwa Mungu, akifafanua sura ya 6 ya Mwanzo. Wako waliofikiri kwamba Mungu habadiliki kama jiwe lisivyobadilika, yaani kwa sababu haguswi.

Lakini Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulipowalaani waliosema kwamba Mwana wa Mungu aweza kubadilika, haukuwa ukilitetea jiwe. Swali lilikuwa la wokovu: kama Kristo aweza kugeuka na kuwa mwingine, aliyebatizwa katika jina lake ana tumaini gani? Mtaguso uleule ulikiri kwamba Mwana huyo alishuka, akawa mwanadamu, akateswa. Asiyebadilika alikuja katika hali yetu yenye kubadilika, hata mauti.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lamtaja Mungu katika ibara ya 1 kuwa wa milele, asiye na mwili wala sehemu, mwenye uwezo, hekima na wema usiopimika. Katika ibara ya 7 laongeza neno ambalo yatupasa kulikariri: kwa umoja wa kweli wa Kanisa yatosha kupatana katika mafundisho ya Injili na utoaji wa sakramenti, wala si lazima desturi zilizowekwa na wanadamu zifanane kila mahali. Wababa wetu walitenganisha kile kisichobadilika na kile kinachoweza kubadilika, nao walifanya hivyo kwa ajili ya dhamiri za watu. Wanatheolojia wa baadaye waliendelea na kazi hiyo. Karl Barth alipendelea kusema juu ya uthabiti wa Mungu aliye hai, na Mlutheri wa Kijapani Kitamori aliandika mwaka 1946 juu ya uchungu wa Mungu.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia hapa. Twamwita mtu "kigeugeu" asipotunza neno lake, wala si kwa sababu amehama nyumba au amejifunza kazi mpya. Na twamwita "thabiti" yule ambaye ahadi yake ni deni. Hakuna amwitaye mama kigeugeu kwa kuwa jana alimwadhibu mtoto na leo amembembeleza. Yeye ni yuleyule katika yote mawili. Watawa wa Rangwi, ambao mafundisho yao hatukubaliani nayo katika kila jambo, hufunga nadhiri za daima. Hawaahidi kwamba hawatazeeka au kwamba kazi zao hazitageuka. Waahidi uaminifu. Hiyo ndiyo maana ya neno hili iliyo karibu zaidi na Malaki.

7. Matumizi katika uchungaji wa leo

Mwaka 1990, mwaka uleule wa hukumu ya Mwanza, KKKT ilikubali wanawake wawekewe mikono kuwa wachungaji, na dayosisi zikalitekeleza jambo hilo kwa nyakati mbalimbali. Waliopinga walisema kwamba Kanisa halibadiliki. Twawaheshimu waliosema hivyo kwa dhamiri safi. Lakini historia tuliyoieleza yatupa maswali matatu ya kuuliza kila neno hili litumikapo.

Kwanza, je, jambo linalosemwa halibadiliki ni ahadi ya Mungu, au ni umbo ambalo watu fulani walilipa ahadi hiyo? Wilhelmstal lilikuwa umbo. Ubatizo uliotolewa hapo ni ahadi.

Pili, neno hili lafungua mlango au laufunga? Dario alisema "haibadiliki" na Danieli akatupwa. Malaki alisema "habadiliki" na wana wa Yakobo wakaishi. Mjane asikiapo neno hilo kinywani mwa mchungaji, amesikia la Dario au la Malaki?

Tatu, je, asemaye yuko tayari naye kufungwa nalo? Semboja aliitunza Vuga kwa ajili ya wengine, mwenyewe akakaa Mazinde. Na sisi tunaoitetea mila mimbarani, tukiifuata panapotufaa tu, tunafanana naye.

8. Hitimisho

Mkulima wa Rangwi hahitaji kuambiwa kwamba mambo hubadilika. Aijua mvua isiyokuja kwa wakati, bei inayoshuka siku ya kuvuna, na kijana aliyekwenda Tanga au Dar es Salaam asirudi. Mababu zake walitafuta kwa mfalme kitu cha kushikia wakati mvua imekatika, na mfalme akapita. Anapoingia kanisani hatafuti kusikia kwamba mambo yote yatabaki kama yalivyo, maana ajua kwamba si kweli. Anatafuta kusikia kwamba yuko Mmoja ambaye nia yake kwake haitageuka.

Hayo ndiyo tuliyokabidhiwa kuyahubiri. Tukilitumia neno "habadiliki" kulinda vyeo, mipaka ya mashamba, au mazoea yetu, tutakuwa tumemwibia mkulima yule faraja yake, na kumpa badala yake sheria ya Wamedi na Waajemi. Tukilitumia kwa ajili ya uaminifu wa Kristo, aliye yeye yule katika Waebrania 13:8, tutakuwa huru kuyabadilisha mengine yote yanayohitaji kubadilishwa, ili nchi ipone.